Benchi Yenye Tundu la Ufunguo

Kwetu Goma hatuamini kitu upesi. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, tunautazama kwanza mlima wa Nyiragongo, tuone moshi wake umelalia upande gani, kwa sababu mlima huo umeshatudanganya. Ukitulia, tunasema kuna jambo unapanga. Ukitoa moshi, tunasema, si tulisema? Sasa watu wanaoushuku mpaka mlima, unafikiri watamsamehe beki wa kushoto?

Ninayoandika hapa ni habari ya benchi moja ya saloni ya kunyoa, pale mtaa wa Birere, na ya papa yangu, yaani baba, aliyekuwa anataka kukaa juu yake. Basi. Anayetaka habari za vita awaulize wakubwa, wao ndio walioileta. Mimi nina mtihani wa Serikali mbele yangu na hesabu bado hazijaingia kichwani.

Saloni ni ya kinyozi mmoja wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, ambaye akishika wembe anakuwa mtakatifu na akishika habari ya mpira anakuwa kitu kingine. Ukutani kuna kioo kikubwa chenye ufa. Juu ya kioo hicho, kwa kipande cha sabuni, tulikuwa tunaandika timu ya taifa: golikipa chini, mabeki juu yake, na kuendelea hivyo mpaka washambuliaji, kule karibu na picha ya Bikira Maria. Mteja akikaa kunyolewa anajiona yuko ndani ya timu, kichwa chake katikati ya uwanja. Kuna polisi mmoja tulimwachia nafasi ya namba sita makusudi. Alikuwa kiungo mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, ila alisinzia.

Mwenye kuandika kwenye kioo nilikuwa mimi. Kazi hiyo niliipata kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeweza kuandika majina ya wale waliozaliwa Ulaya bila kupoteza herufi njiani, na pia kwa sababu nilikataa kuondoka. Siku ya kwanza kijana mmoja anayekaa mtaa wa Ndosho, anayeendesha moto, yaani pikipiki, ambaye sisi tunamwita motari tu, aliniuliza kama nyumbani kwetu hakuna vyombo vya kuosha. Nikamwambia viko, tena vingi, na mama anatafuta mtu mwenye mikono mikubwa kama yake. Tangu hapo nikahesabiwa.

Benchi ilikuwa na sheria moja: usitetee mchezaji wa kwenu. Sheria hiyo ilizaliwa siku kinyozi na motari waliposhikana mashati kwa ajili ya kiungo wa Beni, wa kabila moja na kinyozi, ambaye, wakati wao wanapasuliana vifungo, alikuwa amelala hotelini kwake kwa raha zake. Kesho yake kila mtu akapewa mchezaji wa mbali, awe wakili wake. Kinyozi, Munande mpaka kwenye kisigino, akapewa mshambuliaji wa Kasai. Motari, ambaye kwao ni Bukavu, akapewa golikipa wa Katanga. Muzee mmoja aliyekuwa golikipa zamani, kwa ushahidi wake mwenyewe, akapewa mabeki wa katikati. Papa akapewa winga wa Equateur, akamtetea kama mtoto wa tumbo lake, hata mwaka ule winga alipopiga penalti ikaenda kuwatafuta watazamaji. Mimi nikapewa kocha, kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka.

Na sheria ilifanya kazi. Mtu hawezi kusema unamtetea kwa ukabila wakati hata kijiji cha mchezaji wako hujui kukitamka. Tulishukiana kwa mambo mengine, ya kawaida: nani anakula karanga za nani, nani amelipwa bia ili abadilishe mawazo, kwa nini kocha anaita watu kutoka ligi ambazo redio haizifahamu. Shuku ndogo ndogo za nyumbani, kama chumvi.

Sasa benchi yenyewe. Volkano ya kwanza sikuikuta, lakini nimehadithiwa mpaka ninaweza kuisimulia kuliko waliokuwapo. Lava ilishuka mpaka mjini ikapita juu ya nyumba ya Papa, na Papa akabaki na mlango, kwa kuwa ndicho kitu alichokikamata akikimbia. Mpaka leo hajui kwa nini mlango. Mama anasema alitaka kuufunga nyuma yake. Na mlango bila nyumba utaufanyia nini? Kinyozi alikuwa anajenga saloni upya juu ya mawe yaliyopoa, akamwambia aulete. Wakaulaza juu ya marundo mawili ya mawe meusi, ukawa benchi. Bawaba moja haikutoka. Tundu la ufunguo nalo liko pale pale, na karanga zilizopotelea ndani yake ni nyingi kuliko nilizokula. Pembeni kwa bawaba ndiko kulikuwa kwa Papa, kwa sababu yeye ndiye aliyejua namna ya kukaa bila kupasua suruali.

Volkano ya pili nilikuwapo. Lava ilisimama pembeni mwa mji, halafu ardhi ikaanza kutetemeka, nyumba zikapasuka, tukaambiwa tuondoke. Watu wakashika njia ya Sake na magodoro, na mbuzi, na televisheni. Papa na kinyozi wakabeba benchi. Kinyozi mbele, Papa nyuma, na mvua iliponyesha sisi watoto tukatembea chini yake. Kwenye uwanja wa shule tulikolala watu walituchekelea sana. Baadaye wakaja kuomba nafasi ya kukaa.

Ninasimulia haya ili ujue ni watu wa namna gani. Si watu wa kuachana kwa ajili ya beki.

Halafu wale wakaanza kushuka. Ninasema "wale", na mtu wa Goma hatauliza ni akina nani. Mtu wa mahali pengine ajue tu kwamba walikuwa na bunduki na walikuwa wanatoka upande wa Rutshuru, ambako ndiko kwetu. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda wakati mama amekasirika na Kiswahili akishasamehe. Ikasemwa wako Rumangabo. Ikasemwa wamepita. Barabara ya Butembo ikakatika, na kinyozi akaanza kuzungumza na mama yake kwa simu tu. Na Papa? Papa ni mchuuzi wa maharagwe. Maharagwe yanatoka Rutshuru. Kwa hiyo Papa aliendelea kupanda kule na kushuka na magunia, akilipa kwenye vizuizi vya upande huu na vya upande ule, na kila upande ukiamini kwamba yeye ni wa upande wa pili. Mjini watu walimnong'ona huku wanamnunulia. Punje za maharagwe hakuna aliyezishuku.

Ni wakati huo kocha akaita beki mpya wa kushoto.

Alikuwa kijana wa Ulaya ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata kwenye simu. Tulichokuwa nacho ni jina lake. Sitaliandika, lakini ni jina la aina ya kwetu, jina ambalo ukilitaja kwenye kizuizi askari anaomba karte yako ya utambulisho mara ya pili. Linaweza kuwa la Rutshuru, linaweza kuwa la Masisi, linaweza hata kuwa la watu wengine kabisa. Nchi ni kubwa na majina yanafanana. Mimi nililiandika kwenye kioo, upande wa kushoto, na nilipogeuka nikaona watu wote hawatazami kioo. Wanamtazama Papa.

Motari ndiye aliyeanza. "Muzee, ule wa kushoto, we unasemaje? Aitwe ao aachwe?"

"Sheria inanikataza," Papa akasema.

"Kumbe ni wa kwenu."

"Simujui. Lakini kama ni wa kwetu, sheria inanikataza. Kama haiko wa kwetu, mi siko wakili wake."

Lilikuwa jibu zuri, mwalimu wetu wa Kifaransa angelipa alama. Benchi haikulipa kitu. Papa alipoondoka motari akasema, muliona vile ananyamaza? Mtu mwenye roho safi anasema.

Kesho yake Papa akaja na roho safi. Akamshambulia yule kijana kuliko wote: hana mbio, akikimbia utadhani anatafuta kiatu kilichopotea, na mguu wake wa kulia ni wa kusindikiza tu. Nilikuwa karibu kupiga makofi. Lakini alipotoka nje kukojoa, muzee golikipa akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema mtu anayemkana mtoto wake mbele ya watu ana kitu kikubwa anachoficha. Na motari akaangalia mlangoni, akasema Papa amechelewa kurudi, labda anapiga simu.

Nikawaambia basi mutuandikie kwenye kioo namna ambayo Papa anaruhusiwa kuishi. Akinyamaza anaficha, akisema anadanganya, akienda kukojoa anapeleka ripoti. Wakacheka, kwa kuwa mimi ndiye wa kuchekesha. Kinyozi hakucheka. Aliendelea kunoa wembe, na hilo nililiweka moyoni.

Baada ya hapo kofia ya motari ikaanza kukaa. Zamani aliitundika kwenye msumari. Sasa akifika anaiweka juu ya benchi, pale pembeni, kwenye bawaba. Papa akija anaikuta kofia imekaa, kubwa, nyekundu, imetulia kama mbunge. Hakuna aliyemwambia asikae. Kila mtu aliongea habari ya mpira kwa bidii, na Papa alisimama karibu na ndoo ya maji, akasikiliza, akaondoka. Nyumbani mama alimuuliza kama wamefunga mapema. Papa akasema ndiyo.

Na mimi nisijifanye malaika. Shuku ni kama moshi wa makala ya jiko, inaingia hata kwa mtu aliyefunga madirisha. Kuna asubuhi nilikuwa namtazama Papa akishona mdomo wa gunia, na nikajikuta naangalia kama kuna kitu kingine ndani. Yalikuwa maharagwe. Nililazimika kuyachambua jioni, mawe na yote.

Siku mji ulipochukuliwa na wale nitaziruka. Tulilala chini ya vitanda, tukatoka, tukaona tuliyoyaona. Banki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, saloni ikafungwa. Halafu saloni ikafunguliwa, kwa sababu nywele hazijui nani anatawala.

Kwenye kioo tukaanza tena kuandika, lakini sabuni nyembamba, ya kufutika kwa kitambaa mara moja. Hakuna aliyesema kwamba timu ya taifa imekatazwa. Hakuna aliyesema kwamba imeruhusiwa. Tuliandika kwa shaka, na mwenye kupita njiani akichungulia, motari alikuwa anaegemea kioo kwa mgongo, akitoka ana washambuliaji wawili kwenye shati.

Na Papa akapata kiti.

Siku ya kwanza aliporudi, kofia iliondoka juu ya benchi kabla hata hajavuka kizingiti. Motari mwenyewe ndiye aliyeipangusa benchi kwa mkono. "Karibu, muzee. Kaa, muzee." Papa akakaa. Muzee golikipa akakumbuka kwamba mgongo unamuuma, anapenda kusimama. Motari akasema yeye amekaa juu ya moto siku nzima, anataka kunyoosha miguu. Wote wakasimama. Papa akabaki peke yake juu ya benchi ile ndefu, na nafasi ya watu wanne pembeni yake, kama mtu aliyekaa kanisani mbele ya jeneza.

Nilielewa upesi, mimi ni mjanja kuliko matokeo yangu ya shule. Zamani walimshuku kwamba ni wa wale. Sasa wale wameshafika, na kama shuku ilikuwa kweli, basi Papa amekuwa mtu wa kuheshimiwa. Na kama haikuwa kweli, heshima haigharimu. Hata kinyozi alianza kumwita "muzee" kwa sauti ya misa. Miaka yote alikuwa anamwita "we mukorofi".

Yakaja maneno ya mechi, mechi kubwa, ya kufuzu. Mjadala ulikuwa wa ajabu. Watu walisema maneno mawili wakamtazama Papa. Papa akitikisa kichwa, wanakifuta mimi nilichoandika. Nilijaribu kuchokoza. Nikasema kocha wangu anafikiria kumchezesha mwanawe. Hakuna aliyenitukana. Mjadala usiokuwa na tusi ni kama sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Unameza kwa sababu mama anakutazama.

Papa alivumilia. Halafu siku moja, mteja akiwa kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, Papa akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Ni kile anachokohoa kabla ya kutaja bei ambayo si ya kweli.

"Golikipa wa Katanga amezeeka," akasema. "Aende nyumbani."

Motari alikuwa wakili wa golikipa huyo tangu nikiwa mdogo. Aliwahi kukataa kumbeba abiria aliyemsema vibaya. Sasa akasema: "Hata mi nilikuwa naona hivyo, muzee."

"Na winga wangu naye atoke."

"Atoke, muzee," akasema muzee golikipa, ambaye ni mkubwa kwa Papa na hana sababu ya kumwita muzee.

Papa akatazama kioo. "Na ule wa kushoto, mutoto wa kwetu, njo awe kapiteni."

Nilikuwa na sabuni mkononi. Sheria ilikuwa imevunjwa mchana, mbele ya Bikira Maria na mteja. Mtu aliyesema neno hilo miaka iliyopita angeoga maji ya ndoo. Nikamtazama kinyozi. Wembe ulikuwa umesimama hewani. Akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Ni wazo muzuri, muzee," akasema motari. "Andika, mutoto."

Sikuandika. Papa alingoja. Ninafikiri alingoja tusi lolote, hata dogo, hata la mama yake. Alipoona haliji akainuka, akapiga magoti, akaanza kuondoa mawe madogo yaliyoshikilia benchi upande wa bawaba.

"Muzee, unafanya nini?" kinyozi akauliza.

"Nakamata mulango yangu."

Hakuna aliyemzuia, kwa heshima hiyo hiyo. Akainua ncha moja. Ncha ya pili ikabaki juu ya mawe, kwa kuwa mlango ule ni wa mbao za zamani na Papa si kijana. Akavuta, ikakwaruza. Akavuta tena. Na hapo kinyozi akaweka wembe chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda akashika ncha ya pili. Hakusema anakwenda wapi. Akashika mbele, kama siku ya Sake, na Papa akashika nyuma. Wakatoka. Mimi nikawafuata na sabuni yangu. Mteja naye akatufuata, na kitambaa shingoni, nywele upande mmoja, kwa sababu alishalipa.

Kwetu si mbali, vichochoro vichache tu. Lakini kwenye kona ya mwisho kulikuwa na vijana wawili wenye bunduki. Mmoja wao, ambaye hakunizidi sana umri, akainua mkono.

"Hii ni nini?"

"Mulango," Papa akasema.

"Mulango ya wapi?"

"Ya nyumba yangu."

"Nyumba iko wapi?"

Papa akaonyesha chini kwa kidevu. "Chini ya lava."

Kijana akatazama chini, akamtazama Papa, na nikaona shuku ikiingia machoni mwake, ile tunayoijua sote. Akasogeza bunduki mbele kidogo. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, mzuri sana, nikaumeza wote.

Kisha kinyozi akasema, kutoka mbele, bila kugeuka: "Haiko mulango. Ni benchi."

"Ni mulango," Papa akasema.

"Miaka yote batu banakaa juu yake, we unasema mulango? Mulango inakaliwa?"

"Iko na bawaba. Benchi gani iko na bawaba?"

"Benchi ya mutu mwenye kichwa nguvu kama we. Mi ninakuambia kila siku uitoe ile bawaba, inapasua batu suruali."

"Bakae vizuri."

"We njo unakaa vizuri? Mukorofi we. Na ile mutoto wako wa kushoto, kapiteni ya nini? Eko na mguu moja tu. Kapiteni. Ukasikia batu wote banaitika kama ng'ombe, ukafurahi."

"Sikufurahi."

"Ulifurahi."

"Kama nilifurahi, mulango yangu inatoka saloni sababu ya nini?"

Walikuwa wamesahau bunduki. Walikuwa wamesahau hata kuweka kile kitu chini. Walibishana wamekibeba, kila mmoja akikivuta upande wake, sauti zinapanda, watu wanatoka vichochoroni. Kijana wa bunduki akageukia mteja mwenye nusu kichwa, akamuuliza, na wewe ni nani.

"Mi nangoja bamalize," akasema mteja.

Kijana akavuta pumzi ndefu. Nafikiri alimkumbuka mtu wa nyumbani kwao. "Muende," akasema. "Mulango ao benchi, muende nayo."

Tukaenda. Waliendelea kubishana mpaka uani kwetu, na mteja alimaliziwa kunyolewa pale pale, juu ya jiwe. Mama alipouliza ni kitu gani hicho wanachomletea, mlango au benchi, ndipo nilipoutoa utani wangu: bakikaa ni benchi, bakikimbia ni mulango. Mama akaniambia niende kusoma.

Siku ya mechi saloni ilibaki na kioo tu. Papa aliweka redio dirishani. Hakumwalika mtu. Muzee golikipa akaja wa kwanza, akasema amepita kuangalia kama mawe ya benchi yamewekwa sawa. Akayapiga teke moja moja, akakaa. Kinyozi akaja akakaa bila kuangalia chochote. Papa akakaa katikati yao, na alipoketi walisogeana kidogo tu, kwa kununa, kama watu waliobanwa.

Motari akafika mwisho. Alisimama langoni na kofia yake mkononi, anatazama ua, ukuta, dirisha, redio. Niliweza kusoma kichwani mwake: muzee amehamisha mkutano mpaka kwake, kwa nini? Shuku haikufa, jamani, usidhani. Ilikuwa imebadilisha nguo tu.

Papa akainuka, akamwendea, akamtoa kofia mkononi. Akarudi nayo, akaikalisha juu ya benchi, kwenye nafasi iliyobaki.

"Kofia yako ikae," akasema. "Imezoea. We simama."

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, cheko la pua, halafu muzee golikipa, na motari akasimama pale uso umeiva, hajui kama amesamehewa au amehukumiwa. Akamwita Papa mchuuzi wa mawe. Akasema kwenye kila kilo ya maharagwe yake kuna nusu ya Nyiragongo. Nilimtazama Papa. Sijawahi kuona mtu akitukanwa akapendeza hivyo.

"Itoe kofia," Papa akasema. "Kaa pale mwisho."

Motari akakaa pale mwisho. Redio ikasema beki wa kushoto ameanza. Kinyozi akasema tumekwisha. Papa akasema, kwa mujibu wa sheria, yeye hana maoni, kisha akaanza kuyatoa. Walibishana mpaka hatukusikia nani ana mpira, na timu yetu ilipofunga tulijua kwa makelele ya majirani, wote wakaruka kwa pamoja kutoka juu ya benchi, na kukasikika kitu kinapasuka, kirefu, kutoka mfukoni mpaka gotini.

Mpaka leo motari anashuku kwamba Papa alimkalisha kwenye bawaba makusudi. Anakuja kila jioni kumwambia hivyo usoni, na Papa anakana. Mimi simshuku Papa. Mimi najua.